Jedwali la Herufi na Safari za Wachimbaji: Kukokotoa Malaria ya Geita na Shinyanga kwa Programu za Aljebra

Katika ukanda wa dhahabu unaotoka Geita, ukapita Msalala na Kahama hadi machimbo ya Mwakitolyo wilayani Shinyanga, watu hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Mkulima wa pamba wa Kishapu huvuna, kisha huenda Nyarugusu au Rwamagasa kutafuta fedha ya ada za watoto. Ikisikika rashi, yaani habari kwamba dhahabu imeonekana mahali papya, kambi ya maturubai huota katika muda wa siku chache. Dhahabu ikikatika, kambi huhama. Nyuma yake hubaki maduara yaliyo wazi, ambayo mvua ikinyesha hujaa maji, na mbu huzaliana humo.

Malaria husafiri pamoja na watu hao. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye vimelea vya falsiparamu kwa kawaida hupata homa baada ya siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo anayeambukizwa kambini Mgusu anaweza kuugulia kwao Kishapu, na kitabu cha zahanati ya kijijini kikamhesabu kuwa mgonjwa wa kijiji hicho. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa takribani asilimia 7 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 nchini Tanzania. Kwa Mkoa wa Geita kiwango kilikuwa takribani asilimia 17. Tofauti kubwa kiasi hicho kati ya mkoa mmoja na wastani wa nchi humlazimu mpangaji wa afya kujiuliza: vyandarua, vipimo vya haraka na dawa vikiwa haba, vipelekwe machimboni, vijijini, au vituo vya mabasi?

Swali hilo lina hesabu yake, na hesabu hiyo ni ya matriksi, yaani jedwali la safu mlalo na safu wima. Makala haya yanaeleza jinsi jedwali la namna hiyo linavyoandikwa kwa herufi badala ya namba, jinsi programu za kompyuta za aljebra zinavyolishughulikia, na kwa nini jedwali likiwa kubwa programu hizo huweza kuzama katika majibu yao zenyewe. Msomaji anayejua kuzidisha na kujumlisha sehemu ataweza kufuata yote.

Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyethibitisha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya baadaye kuandika milinganyo ya ugonjwa huo. Alitaka kuonyesha kwamba si lazima kuua kila mbu: inatosha kuwapunguza hadi chini ya kizingiti fulani, na malaria hufifia yenyewe. Kizingiti hicho ndicho kinachohusu kizidishi cha maambukizi, yaani idadi ya wagonjwa wapya ambao mgonjwa mmoja huwazalisha, kupitia mbu, kabla hajapona. Kizidishi kikiwa juu ya 1, ugonjwa huenea. Kikiwa chini ya 1, huisha. Mwaka 1990 wanahisabati watatu, Diekmann, Heesterbeek na Metz, walionyesha namna ya kukipata kizidishi hicho pale ambapo wagonjwa si wa aina moja, kwa kuwapanga katika jedwali. Watu wa kambini na watu wa kijijini ni mfano kamili wa wagonjwa wasio wa aina moja.

Tuanze na sehemu mbili tu: kambi moja ya machimbo na kijiji kimoja. Jedwali lina visanduku vinne. Kisanduku cha kwanza, a, ni idadi ya wagonjwa wapya wa kambini wanaotokana na mgonjwa mmoja wa kambini. Kando yake kuna b, wagonjwa wapya wa kambini wanaotokana na mgonjwa mmoja wa kijijini. Chini ya a kuna c, wagonjwa wapya wa kijijini wanaotokana na mgonjwa mmoja wa kambini. Kisanduku cha mwisho, d, ni cha kijiji kwa kijiji.

Sasa tuweke namba za mfano, zilizochaguliwa kwa ajili ya somo hili tu: a iwe 0.8 na d iwe 0.7. Mratibu wa malaria akitazama kambi peke yake ataona 0.8, chini ya 1, na atatulia. Mwenzake wa wilaya ya pili ataona 0.7, naye atatulia. Lakini b ikiwa 0.3 na c ikiwa 0.3, kizidishi cha jedwali zima ni takribani 1.05. Hakuna sehemu hata moja inayoweza kuutunza ugonjwa peke yake, ila barabara iliyo kati yake inautunza.

Mpaka hapo namba zimetosha kuleta habari mbaya. Hazijasema lolote kuhusu la kufanya, na hapo ndipo herufi zinapofaa. Tukiiuliza programu ni lini kizidishi kitakuwa chini ya 1, huku a, b, c na d zikibaki herufi, hujibu hivi: a na d zote ziwe chini ya 1, na zaidi ya hayo

(1 − a)(1 − d) > bc

Upande wa kulia safari mbili zinaonekana zikiwa zimezidishwa. Hazikujumlishwa. Kwa maana hiyo haihitajiki kuziba njia zote mbili. Katika mfano wetu upande wa kushoto ni 0.2 mara 0.3, yaani 0.06, na upande wa kulia ni 0.09. Tukipunguza b peke yake kwa nusu, ikawa 0.15, upande wa kulia unakuwa 0.045, na kizidishi kinashuka hadi takribani 0.97. Tukiiacha b na kupunguza c kwa nusu, matokeo ni yale yale. Wilaya isiyoweza kuwapima wanaokwenda machimboni inaweza kuwapima wanaorudi. Hesabu hailali upande wowote. Jambo hilo lisingejitokeza kwa kuingiza namba moja baada ya nyingine. Lingehitaji majaribio mamia, na bado lingebaki dhana.

Jedwali linapovimba

Geita haina kambi moja. Mtu akitaka jedwali lenye uhai ataweka Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu, Katoro, Kakola, Kahama mjini, Mwakitolyo, na vijiji vya Kishapu na Shinyanga. Sehemu kumi hufika upesi. Jedwali la sehemu kumi lina visanduku 100, na kila kimoja kina herufi yake.

Swali la kizingiti hujibiwa kwa kutumia ditaminanti, ambayo ni jumla ya mazao, mengine yakiwa na alama ya kutoa, yanayopatikana kwa kuchagua kisanduku kimoja katika kila safu mlalo bila kurudia safu wima. Kwa sehemu mbili mazao hayo ni 2. Kwa sehemu tatu ni 6, kwa nne ni 24, kwa tano ni 120. Kwa sehemu kumi ni 1 mara 2 mara 3, na kuendelea hadi mara 10: 3,628,800. Na kwa kuwa malaria ina mbu pia, mwenye kutaka kuwaandika mbu wa kila sehemu atakuwa na safu 20, na mazao yake yatapita trilioni milioni 2. Hakuna kompyuta mpakato ya ofisi ya mganga mkuu itakayoandika jibu hilo, na hata ingeliandika hakuna mwanadamu wa kulisoma. Wataalamu wa fani hii hukiita kitendo hicho kuvimba kwa milinganyo. Daktari anaelewa haraka: uvimbe hukua kwa sababu hakuna kinachouzuia.

Anayekutana na hali hiyo mara ya kwanza huona programu imeganda, hulaumu kompyuta, na huomba nyingine yenye nguvu zaidi. Kompyuta yenye nguvu mara kumi haimsogezi mbali: kutoka safu 10 hadi safu 11 pekee kazi huzidi mara kumi na moja. Dawa iko kwenye jedwali lenyewe, hasa katika visanduku vyenye sifuri.

Sifuri zilizo bora ni zile zinazotoka katika biolojia. Katika malaria mtu hamwambukizi mtu moja kwa moja, wala mbu hamwambukizi mbu. Vimelea lazima vipite kwa mwingine, na ndani ya mbu hukaa takribani siku 10 hadi 14, kutegemea joto, kabla mbu hajaweza kuambukiza. Kwa sababu hiyo nusu ya visanduku vya jedwali la safu 20 ni sifuri za hakika: pembe ya watu kwa watu na pembe ya mbu kwa mbu. Programu ikielezwa hivyo, jedwali la safu 20 hugeuka kuwa zao la majedwali mawili ya safu 10, na kizingiti hakibadiliki.

Sifuri za aina ya pili hutoka katika jiografia. Kama sehemu kumi zimepangwa kando ya barabara moja, na watu husafiri kwenda kwa jirani wa karibu tu, jedwali hubaki na namba katika mshazari wa katikati na mishazari miwili ya pembeni. Mazao ya ditaminanti hushuka kutoka 3,628,800 hadi 89. Kama sehemu tisa zinakutana katika mji mmoja wa soko, kama wachimbaji wengi wa Geita wanavyokutana Katoro, mazao hushuka hadi 10. Jibu lililokuwa halisomeki linaingia katika mstari mmoja.

Sifuri za aina ya tatu ni hatari. Ni zile anazoweka mkokotoaji kwa sababu amechoka kusubiri, au kwa sababu hana takwimu za kisanduku hicho. Kutojua ni wangapi wanaosafiri kutoka Kakola hadi Kishapu si sawa na kusema hakuna anayesafiri. Mfano wa kambi na kijiji umeshaonyesha gharama yake: b au c ikiandikwa sifuri, kizidishi huonekana 0.8, na mgao wa vyandarua huenda kwingine huku ugonjwa ukiendelea. Herufi isiyo na takwimu iachwe herufi. Hiyo ndiyo faida yake.

Mji wa soko na kambi tatu

Hali ya mji wa soko inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa inafanana na maisha ya ukanda huu. Tuite h kizidishi cha ndani cha mji. Kila kambi ina kizidishi chake cha ndani, a, na zao la safari zake za kwenda na kurudi mjini, bc. Programu hutoa sharti hili: iwapo kila a ni chini ya 1, malaria itafifia endapo 1 − h ni kubwa kuliko jumla ya michango ya kambi zote, na mchango wa kila kambi ni bc ikigawanywa kwa 1 − a.

Tuchukue tena namba za mfano. Mji una h ya 0.6, hivyo nafasi iliyopo ni 0.4. Kambi ya kwanza ina a ya 0.5 na bc ya 0.05, mchango wake ni 0.10. Kambi ya pili ina a ya 0.9 na bc ya 0.02, mchango wake ni 0.20. Kambi ya tatu ina a ya 0.2 na bc ya 0.12, mchango wake ni 0.15. Jumla ni 0.45. Imepita 0.4, na malaria inaendelea.

Mtu akisimama mjini atasema tatizo ni kambi ya tatu, kwa kuwa watu wake ndio wanaojaza stendi na foleni ya zahanati. Hesabu inaelekeza kambi ya pili, yenye wasafiri wachache kuliko zote, kwa sababu ndani yake ugonjwa unakaribia kujitunza wenyewe, na kila anayetoka humo ametanguliwa na mlolongo mrefu wa wagonjwa. Kupunguza a ya kambi hiyo kwa sehemu moja ya tisa, kutoka 0.9 hadi 0.8, kwa vyandarua na kufukia maduara yasiyotumika, hushusha mchango wake hadi 0.10, na jumla huwa 0.35. Juhudi ya kiwango hicho hicho, sehemu moja ya tisa, ikielekezwa kwenye safari za kambi ya tatu, huacha jumla ikiwa 0.43, bado juu ya kizingiti. Si kwamba kambi ya tatu isiachiwe huduma. Wagonjwa wake wanastahili tiba kama wengine. Ila lori moja la vyandarua likija, kuna hoja ya kulipeleka kwa wale wasioonekana mjini.

Sharti la kila a kuwa chini ya 1 lisipitwe haraka. Programu nyingi, zikigawanya kwa 1 − a, huchukulia kimyakimya kwamba 1 − a si sifuri, wala hazijali kama ni hasi. Tuseme mji una h ya 0.5 na kuna kambi moja yenye a ya 1.2 na bc ya 0.02. Mchango wake kwa fomula hiyo ni 0.02 gawanya kwa hasi 0.2, yaani hasi 0.1. Nafasi ya mji ni 0.5, ambayo ni kubwa kuliko hasi 0.1, na sharti linaonekana kutimia. Kumbe kambi yenyewe inaeneza ugonjwa bila msaada wa mtu yeyote. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini fomula, zikaguliwe ditaminanti za majedwali madogo yote yanayoanzia kona ya juu kushoto: la safu moja, la safu mbili, la safu tatu, hadi jedwali zima, baada ya kutoa kila kisanduku kutoka kwenye jedwali lenye 1 katika mshazari na sifuri kwingine. Zote zikiwa chanya, kizidishi ni chini ya 1. Moja ikikataa, sivyo.

Ukaguzi huo una faida nyingine. Unajibu kama kizidishi kiko chini ya 1 bila kudai kukijua chenyewe. Kukipata kwa herufi ni kutafuta kipeo cha mlinganyo wenye daraja sawa na idadi ya safu, na Niels Henrik Abel wa Norwei alithibitisha mwaka 1824 kwamba kwa daraja la tano hakuna fomula ya jumla ya mizizi. Anayeiamuru programu itoe kizidishi cha jedwali la herufi la safu kumi anaomba kitu ambacho kwa kawaida hakipo. Ombi la kizingiti lina jibu, na katika zahanati pia swali la kizingiti ndilo linaloulizwa kila siku: damu ni chini ya kiwango cha kuongezewa au siyo?

Kuhusu programu zenyewe maneno machache yanatosha. Maxima, SymPy na SageMath hupatikana bila malipo, na Maxima, yenye asili katika kazi iliyoanza MIT nchini Marekani mwaka 1968, hufanya kazi hata katika kompyuta za zamani. Namba ziandikwe kwa sehemu kamili, 1/5 badala ya 0.2. Kompyuta huhifadhi desimali kwa makadirio; ndani yake 0.1 kujumlisha 0.2 hakulingani kabisa na 0.3, na tofauti hiyo ndogo huifanya programu isitambue sifuri pale ilipo, kisha igawanye kwayo. Kila 1 − a ipewe herufi moja, tuseme p, na ifunguliwe mwishoni tu. Programu isiagizwe kugeuza jedwali zima pale inapotakiwa ditaminanti peke yake. Fomula ikishapatikana, herufi zote zijazwe sehemu zozote, na jibu lilinganishwe na la jedwali lile lile lililojazwa namba tangu mwanzo. Majibu yakitofautiana, fomula ina kasoro hata kama inapendeza.

Kisha kuna kazi ambayo hakuna programu inayoifanya. Herufi a hukadiriwa kutokana na mbu, vyandarua na vipimo vya eneo. Herufi b na c hutokana na jibu la mgonjwa mbele ya mhudumu. Mgonjwa mwenye homa anapoulizwa alikolala wiki mbili zilizopita, haulizwi kwa udadisi wala kwa ajili ya leseni ya uchimbaji, na hana sababu ya kuficha kwamba alikuwa machimboni. Kipimo chake ni kile kile, dawa mseto ni ile ile, na anapaswa kuimaliza hata homa ikishuka siku ya pili, iwe yuko kwao au amesharudi kambini.

Mhudumu naye aliandike jibu hilo kwa jina la mahali halisi, kando ya jina la kijiji katika kitabu cha MTUHA au katika daftari la zahanati. "Geita" haitoshi. Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa zote ziko Geita, na zikiandikwa kwa jina moja huingia katika jedwali kama herufi moja. Kambi ya pili ya mfano wetu, ile yenye wasafiri wachache na mchango mkubwa, hupotea humo, na hakuna namna ya kuitoa tena kwa hesabu.